Kuchora mandhari ya vijijini kwa rangi za maji kutoka kwenye picha ya simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kuchora mashamba, vilima na nyumba za Mbeya, Iringa, Njombe au Rungwe akiwa mezani kwake, kwa kutumia picha aliyopiga mwenyewe. Rangi za maji zina sharti moja linalotawala mengine yote: weupe wa mchoro ni karatasi yenyewe, na ukishaufunika haurudi kamili. Kwa hiyo maamuzi makubwa hufanywa kabla brashi haijaloa. Na kubwa kuliko yote ni hili: picha ya simu uiamini wapi, na wapi usiiamini.

Picha ya namna gani inafaa kuchorwa?

Yenye mwanga wa ubavuni. Jua la kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au la kuanzia saa 10 jioni, hulaza vivuli ardhini. Matuta ya viazi yanaonekana moja moja, ukuta mmoja wa nyumba unang'aa na wa pili una kivuli, na mlima unaonyesha mikunjo yake. Picha ya saa 6 mchana haina hayo. Nyanda za Juu Kusini ziko takribani nyuzi 8 hadi 9 kusini mwa ikweta, hivyo katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua la mchana hupita karibu utosini kabisa. Kivuli cha mti kinabaki chini ya mti wake, na shamba zima linaonekana bapa.

Iwe pia na kitu kikuu kimoja. Ukisimama kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu unaweza kukuta ndani ya fremu moja Mlima Rungwe, migomba, nyumba tatu, nguzo za umeme na shamba la mahindi. Vyote hivyo ni vizuri, lakini mchoro wa ukubwa wa daftari hauvibebi. Amua: huu ni mchoro wa mlima, au ni mchoro wa nyumba? Ukishaamua, vingine vinapunguzwa au vinaachwa nje.

Kuna jaribio la haraka. Ipunguze picha kwenye simu mpaka iwe na ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kama bado unaona maumbo matatu au manne yanayosomeka, inafaa. Ukiona vumbi la rangi tu, tafuta nyingine.

Ukiwa bado pale pale, piga tatu: moja ya mandhari yote, moja umegusa skrini kwenye anga ili mawingu yasipotee, moja umegusa kwenye kivuli. Kisha andika maneno machache kuhusu rangi ya mlima wa mbali, ya kivuli na ya udongo. Maneno hayo yatakufaa kuliko picha ya nne.

Simu inaharibu nini hasa?

Iamini kwa maumbo: paa limeelekea wapi, njia inapinda wapi, mti una matawi mangapi makubwa. Kwa mwanga na rangi, ihoji.

Lenzi ya kawaida ya simu ni pana. Inaingiza uwanja mwingi wa mbele, na mlima unabaki kipande chembamba juu. Rungwe una urefu wa karibu mita 3,000, lakini kwenye picha unaweza kuonekana kichuguu. Kata sehemu ya chini ya picha bila huruma, kisha kwenye mchoro unyanyue mlima kwa robo ya kimo chake hivi. Hakuna atakayeona umeongeza. Wataona mlima wanaoujua.

Vivuli vinakuwa vyeusi. Jicho likitazama chini ya mwembe au ndani ya baraza linaona buluu, zambarau, hata wekundu wa udongo unaopanda ukutani. Kamera inaona shimo. Ukichora kivuli cheusi kama kilivyo kwenye picha, mchoro utakuwa na matundu.

Anga linapauka na kuwa jeupe pale kamera ilipopima mwanga wa shamba, au linakolea buluu isiyo ya kweli pale simu ilipojirekebisha yenyewe. Kijani nacho huongezwa ukali na programu za simu nyingi, ndiyo maana shamba la chai la Mufindi linaweza kutoka kama plastiki. Na kila kitu kina ncha kali, kuanzia jani la mbele hadi mti ulio kilomita tano. Jicho haliko hivyo: likitazama nyumba, mlima unalegea.

La mwisho ni kuta. Ukiinua simu kidogo kuelekea juu, kuta za nyumba huinamiana kama zinataka kukutana angani. Zinyooshe kwa rula wakati wa kuchora penseli.

Niprinti picha au nichore nikitazama skrini?

Fanya vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake. Peleka picha steshenari, iprintiwe kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, sentimita 20 kwa 15. Hiyo ni rahisi kwa bei, na ndiyo itakayokuonyesha giza na mwanga bila kukuchanganya kwa rangi. Skrini iache kwa kuangalia rangi, mwanga wake ukiwa wa wastani. Skrini yenye mwanga mkali itakufanya uchore kwa rangi nyepesi mno, kwa sababu karatasi haina taa nyuma yake.

Karatasi ya kawaida ya A4 haitoshi?

Haitoshi. Karatasi ya kuprintia ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Ikiloa mara moja inajikunja, ikisuguliwa mara mbili inatoa nyuzi. Manila inavumilia kidogo, lakini inanyonya rangi bila mpangilio na haikuruhusu kurekebisha. Tafuta karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, yenye ukwaru wa wastani. Kama fedha ni kidogo, bana kwenye rangi, usibane kwenye karatasi. Rangi ya mwanafunzi juu ya karatasi nzuri hutoa kazi nzuri; rangi ghali juu ya karatasi mbaya haitoi kitu.

Zipo za nyuzi za mti na za pamba. Ya pamba hushika maji kwa muda mrefu na kuyasambaza sawasawa, hivyo anga linatoka laini. Ya mti hukauka upesi na kuacha mistari, ila rangi yake hufutika kwa urahisi zaidi. Kwa mazoezi ya nyumba na miti, ya mti inatosha.

Karatasi hizi hupakwa gundi kiwandani ili zisinyonye maji kama blanketi. Unyevu wa muda mrefu huiharibu gundi hiyo, na sehemu kama Tukuyu zina unyevu wa kutosha kufanya hivyo. Utaona mabaka: rangi inazama hapa, inaelea pale. Hifadhi karatasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ikiwa imelala bapa, mbali na ukuta.

Nahitaji rangi ngapi?

Sita. Zikiwa na namba za pigmenti (chembe zinazotia rangi) kwenye tyubu, tafuta hizi: njano ya limau (PY3), oka ya njano (PY43), waridi (PV19), buluu ya altramarini (PB29), buluu ya thalo (PB15) na siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu (PBr7). Kama una kisanduku cha shule chenye vidonge 12, chagua zinazokaribiana na hizo na uache nyingine zipumzike.

Nyeusi usiitumie. Altramarini na siena zikichanganywa hutoa kijivu cha kila aina: buluu ikizidi ni wingu la mvua, siena ikizidi ni shina la mti au kuta za moshi, na zikiwa nzito zote mbili ni karibu na nyeusi. Mchanganyiko huo mmoja ukiumudu, umemaliza nusu ya safari ya kuchora milima.

Nyeupe ya kisanduku nayo iache, isipokuwa kwa nukta mbili tatu za mwisho. Ukiichanganya kwenye rangi nyingine inaleta uchokaachokaa.

Na brashi?

Tatu: ya duara namba 12 kwa maeneo makubwa, ya duara namba 6 kwa nyumba na miti, na nyembamba ndefu kwa matawi, nyaya na nyasi. Brashi nzuri ya duara ikiloa hurudi kuwa na ncha yenyewe. Jaribu dukani kwa kuomba maji. Ongeza brashi bapa ya upana wa sentimita 2.5 kwa kulowanisha anga.

Weka vyombo viwili vya maji, kimoja cha kuoshea na kimoja cha kuchanganyia. Maji ya kuchanganyia yakishaonekana na rangi, mwaga. Ndoo iko karibu.

Nahamishaje picha kwenda kwenye karatasi?

Kwa miraba. Picha nyingi za simu zina uwiano wa 4 kwa 3. Picha yako ya sentimita 20 kwa 15 igawe kwa mistari kila sentimita 5: utapata miraba 12, minne kwa upana na mitatu kwa kimo. Mchoro uwe wa sentimita 28 kwa 21, nao una miraba 12 ya sentimita 7. Kwa karatasi ya A4, chora 24 kwa 18 na miraba ya sentimita 6. Kisha hamisha mraba kwa mraba, ukitazama mstari unaingilia wapi na kutokea wapi.

Tumia penseli ya HB bila kukandamiza. Penseli ngumu huchimba mifereji ambamo rangi itajaa na kuonekana daima. Raba nayo itumike kidogo, kwa kuwa karatasi iliyosuguliwa hunyonya rangi zaidi na kuacha doa.

Huhitaji kila jani. Mstari wa upeo wa macho, ukingo wa mlima, paa, kuta, njia, na mzunguko wa kila kundi la miti: hapo simama. Mistari ya miraba ifute kabla ya kulowanisha karatasi, kwa kuwa penseli iliyofunikwa na rangi haitoki vizuri.

Kabla ya rangi kuna kitu kingine?

Kipo, na wengi hukiruka kisha wakajuta. Chora kichoro kidogo cha penseli, sentimita 8 kwa 6, kwa viwango vitatu tu: nyeupe ya karatasi, kijivu, na giza. Tumia ile picha nyeusi na nyeupe. Kikubwa ni kujua weupe utakaa wapi. Kwa kawaida ni paa la bati linalomulikwa, ukuta uliopigwa na jua, njia, labda moshi wa jikoni. Weka alama ndogo ya penseli mahali hapo kwenye karatasi kubwa, ili mkono usipite kwa mazoea.

Huo weupe mkubwa auzunguke mtu kwa brashi tu. Kwa weupe mdogo mdogo, kama mistari ya bati au maji ya mto, sugua mshumaa mweupe kwanza: nta inakataa rangi. Lakini nta haitoki tena, hivyo isuguliwe pale tu ulipo na uhakika.

Hatua zinafuatana vipi?

Tuchukue mfano: nyumba ya tofali za kuchoma yenye paa la bati, shamba la mahindi mbele, milingoti (mikaratusi) kando, Rungwe nyuma, asubuhi.

Bandika karatasi kwenye ubao wa plaiwudi kwa utepe wa karatasi pande zote nne, upana wa sentimita 1, ukikandamiza ukingo wa ndani kwa ukucha. Inua upande wa juu wa ubao kwa sentimita 4 au 5, kitabu kinatosha. Mteremko huo ndio unaoshusha rangi sawasawa. Ubao ukilala kabisa, rangi inatuama.

Changanya rangi kabla ya kugusa karatasi, na iwe maradufu ya unayodhani itatosha. Kupima uzito wake, tumia vipimo vitatu vya mezani: chai ya rangi kwa anga na vitu vya mbali, maziwa kwa vilima vya kati na miti, mtindi kwa giza la karibu. Jaribu kila mchanganyiko kwenye kipande cha karatasi ileile na usubiri kikauke, kwa sababu rangi za maji hupauka zikikauka. Ikionekana sawa ikiwa mbichi, ikikauka itakuwa hafifu. Ikolee kidogo kuliko unavyotaka.

Anga ndilo la kwanza. Lowanisha sehemu yote ya anga kwa maji safi hadi ukingo wa mlima, subiri mng'ao wa maji ufifie kidogo, kisha pitisha altramarini kutoka juu ukishuka, ukiongeza maji. Karibu na mlima weka thalo hafifu sana. Anga la huku juu, miezi ya Juni na Julai, ni buluu ya kina utosini na karibu nyeupe upeoni, na tofauti hiyo ndiyo inayoleta umbali. Mawingu yafute kwa tishu iliyokunjwa ukigeuza upande kila mara, usije ukarudisha rangi uliyofuta. Kisha acha. Mkono unaorudi kwenye anga linalokauka ndio unaoharibu anga.

Likikauka kabisa, chora mlima wote kwa mpako mmoja wa chai ya rangi: altramarini, waridi kidogo, tone la siena. Hauna kijani, hata kama unajua una msitu. Hewa iliyopo katikati imeugeuza buluu. Kabla haujakauka, osha brashi, ikamue, na pitisha maji safi kwenye kitako cha mlima ili ufifie. Huo ndio ukungu.

Vilima vya kati vinafuata, vyenye joto zaidi na giza zaidi: oka na altramarini, uzito wa maziwa. Mashamba yaliyogawanyika yapewe rangi tofauti kidogo kidogo, mengine yakiguswa yakiwa bado mabichi ili mipaka iyeyuke, mengine yaachiwe uzi mwembamba mweupe wa karatasi kati yake. Uzi huo unasomeka kama njia ya miguu.

Halafu nyumba. Ukuta wa jua: siena na oka, hafifu. Ukuta wa kivuli: siena na altramarini, ukidondosha siena tupu karibu na ardhi ukiwa mbichi, kwa sababu udongo mwekundu unarudisha rangi yake ukutani. Usichore tofali zote. Tano au sita karibu na kona zinatosha. Jicho litamalizia zilizobaki.

Miti, kisha shamba la mbele. Hapa tumia brashi iliyokauka nusu, uiburute ubavuni ili ukwaru wa karatasi uvunje rangi na kutoa nyasi na udongo bila kuchora jani moja moja.

Vivuli vya ardhini ndivyo vya mwisho: altramarini, waridi na siena kidogo, vipitishwe mara moja kwa brashi iliyojaa, na rangi ya chini ionekane kupitia kwake. Kivuli kikirudiwa mara tatu kinakufa. Mistari ya brashi nyembamba, yaani matawi, waya, mlingoti mmoja au miwili, iwe michache. Ukijikuta unatafuta mahali pa kuongeza kitu, mchoro umeisha.

Kati ya hatua na hatua, gusa karatasi kwa nyuma ya kiganja. Ikiwa ya baridi, bado ina maji ndani hata kama haing'ai.

Kijani changu chote kinafanana. Nifanye nini?

Hili ndilo tatizo kubwa la kuchora Rungwe, Mufindi na Njombe, ambako kwa miezi kadhaa kila kitu ni kijani. Acha kutumia kijani cha kisanduku kama kilivyo na uchanganye kwa mmea.

Mgomba: njano ya limau nyingi na thalo kidogo. Jani linalopitishwa na jua liwe karibu njano. Upande wa kivuli ongeza altramarini. Kingo zilizochanika na kukauka ni siena. Majani yake yaache na nafasi kati yake, kwa sababu mgomba uliojazwa wote unageuka kabichi.

Chai: usichore mistari kwanza. Paka shamba lote njano ya limau na altramarini kidogo, nyepesi, kwa kuwa machipukizi ya juu ndiyo yanayopokea mwanga. Likikauka, weka mistari ya giza ya vijia vya wachumaji, minene mbele na ikisogeleana kadiri inavyokwenda mbali, ikifuata mzunguko wa kilima. Mistari hiyo ndiyo inayokieleza kilima. Ikinyooka, kilima kinalala.

Milingoti: altramarini na oka. Hiyo hutoa kijani kilichopauka chenye ukijivu, tofauti kabisa na mgomba. Mashina yake ni meupemeupe, hivyo yaachwe karatasi na upande mmoja upewe kijivu.

Misindano (misonobari) ya Mufindi na Njombe: altramarini na siena, njano kidogo sana, uzito wa karibu mtindi. Ndiyo giza lako kubwa kwenye mchoro, na inafaa kuwekwa nyuma ya paa la bati ili bati ling'ae.

Mahindi ya Februari yana ubuluu ndani yake. Ya Juni ni oka na siena, na hapo kijani hakihitajiki hata kidogo. Kama picha ina kijani kupita kiasi, piga hesabu upya: theluthi moja ya kijani chote kigeuzwe kuwa cha njano, kahawia au kijivu. Kijani kitakachobaki kitapumua.

Bati linachorwaje bila rangi ya fedha?

Bati jipya halina rangi yake, linaonyesha anga. Upande unaopigwa na jua uache karatasi tupu. Upande mwingine uwe altramarini hafifu na siena kidogo. Mikunjo ya bati ionyeshwe kwa mistari michache karibu na ukingo wa chini, isifike juu. Kinachofanya bati ling'ae ni giza lililo jirani, yaani miti ya nyuma au kivuli cha ukingo wa paa. Kwa kutu, dondosha siena na waridi bati likiwa bichi, iteremke yenyewe kuelekea chini kama kutu inavyoteremka.

Ukungu na moshi?

Ukungu wa asubuhi hutengenezwa kwa kufifisha chini, si kwa kupaka nyeupe juu. Kwa vilima vitatu vinavyofuatana, chora cha mbali, fifisha kitako, kausha, cha pili, fifisha, kausha, cha tatu. Kila kimoja kiwe na giza kuliko kilichotangulia.

Kati ya Agosti na Oktoba, mashamba na nyasi vikichomwa, hewa ina utusitusi wa njano. Hapo milima ya mbali haiwi buluu. Ongeza oka na waridi kwenye anga la chini. Usiibadilishe kuwa buluu ati kwa sababu kanuni inasema umbali ni buluu. Picha yako na maneno uliyoandika pale vitakuamulia.

Uwanda wa Kitulo na maua yake?

Maua hutoka kwa wingi msimu wa mvua, hasa kati ya Desemba na Aprili. Kosa ni kuchora maua kote kwa ukubwa uleule. Ya mbele yawe machache na yenye umbo, yaliyoachwa meupe kwa kuzungukwa na kijani kisha kutiwa rangi. Ya katikati ni nukta. Ya mbali ni mpako hafifu tu wa njano au waridi chini ya nyasi. Uwanda ule hauna miti mingi ya kukusaidia kuonyesha umbali, kwa hiyo kupungua kwa maua ndiko kunakofanya kazi hiyo.

Kwa nini kunatokea maua ya maji, yale mabaka yenye kingo za kuchanachana?

Kwa sababu brashi yenye maji mengi imegusa rangi inayoanza kukauka. Maji mapya husukuma chembe za rangi pembeni na kuziacha kwenye ukingo. Kanuni: brashi inayoingia kwenye unyevu iwe na maji machache kuliko karatasi. Ikamue kwenye kitambaa kabla. Likishatokea, usilisugue likiwa bichi. Likikauka, lilainishe ukingo kwa brashi yenye unyevu, au weka mti mahali hapo.

Na rangi kugeuka tope?

Rangi nne au zaidi kwenye mchanganyiko mmoja, maji machafu, au kupaka juu ya rangi ambayo haijakauka na kuikoroga. Tatu zinatosha karibu kila mahali. Kijani kikikutana na waridi kwa kiasi sawa, vinauana. Kimoja kiwe kingi.

Hali ya hewa ina athari?

Kubwa. Kiangazi, upepo mkavu wa Julai na Agosti hukausha ukingo wa mpako kabla hujarudi na brashi, na anga linatoka na mistari. Funga dirisha, lowanisha karatasi mara mbili ukiacha dakika moja katikati, tumia brashi kubwa zaidi, na punguza mteremko wa ubao. Masika ni kinyume chake: mpako unaweza kukaa nusu saa ukiwa bado na unyevu. Panga michoro miwili, ufanye mmoja wakati mwingine unakauka.

Drai ya nywele inafaa ikiwa umbali wa sentimita 30 na mng'ao wa maji umeshatoweka. Kabla ya hapo upepo wake unaisukuma rangi. Jiko la mkaa lisitumike: linaikunja karatasi, linaangusha majivu, na ndani ya chumba kilichofungwa hewa yake inaua mtu.

Nimefunika mahali palipotakiwa kubaki peupe. Napatoaje?

Loanisha mahali hapo kwa brashi safi, subiri sekunde chache, kandamiza tishu bila kusugua, rudia. Siena na altramarini hutoka vizuri, thalo hung'ang'ania. Mstari mwembamba wa mwanga, kama ukingo wa paa, unaweza kukwaruzwa kwa ncha ya wembe karatasi ikiwa kavu kabisa, mwishoni kabisa, kwani hapo hapatashika rangi vizuri tena.

Watu na ng'ombe?

Wadogo, bila nyuso, na vichwa vya watu wazima waliosimama viwe kwenye mstari wa upeo wa macho kama uwanja ni tambarare na picha ilipigwa umesimama. Mwili uanze mkubwa mabegani na uishie mwembamba miguuni, bila nyayo. Kanga nyekundu moja shambani inatosha kuvuta jicho. Zikiwa nne zinagombana.

Naweza kutumia picha ya mtu niliyoiona mtandaoni?

Kwa mazoezi ya nyumbani ukiyaweka mwenyewe, hakuna atakayekufuata. Ukitaka kuonyesha au kuuza, omba ruhusa kwa maandishi. Picha ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuibadilisha kuwa mchoro hakuondoi haki ya aliyeipiga. Njia bora ni kupiga yako. Nyanda hizi zina mandhari kila kona ya barabara, na ukiwa umesimama pale unajua mambo ambayo picha ya mwingine haiwezi kukuambia.

Mchoro uhifadhiwe vipi?

Toa utepe karatasi ikiwa kavu kabisa, ukiuvuta polepole kwa pembe kuelekea nje ya mchoro. Ukikwama, upashe joto kidogo kwa drai.

Ukijikunja, loanisha mgongo wake kwa sponji yenye unyevu mdogo, uweke kati ya karatasi mbili safi, juu yake ubao na vitabu vizito, kwa siku nzima.

Kwenye fremu, kioo kisiguse rangi. Weka paspatu, yaani ukingo wa kadibodi wa unene wa milimita 2 hivi, katikati, kwa sababu unyevu ukinaswa kati ya kioo na karatasi huleta ukungu wenye madoa ya kahawia. Ukuta uwe wa ndani, usio wa bafu wala jiko, na usiopigwa na jua. Nyekundu ya alizarini ya zamani (PR83) hupauka kwa mwanga ndani ya miaka michache, na ndiyo sababu orodha ya hapo juu ina PV19 badala yake. Nyuma ya mchoro andika kwa penseli mahali, mwezi na rangi ulizotumia, wino hupenya.